Ukuta Uliokataliwa Isonaka

Sendai, tarehe 21 Oktoba

Kaka Tatsunori,

Kabla ya mengine yote pokea salamu zangu. Nataraji barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa joto la Osaka limepungua. Msalimie wifi Kikue, umwambie figili zake za chumvi zilifika salama na shemeji yako Wataru amezila karibu zote peke yake. Sisi hapa hatujambo, ila kichwa changu hakijatulia. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Utaona mwandiko umeharibika. Nimezoea kugombana na watu kwa herufi zilizonyooka za gazetini.

Mwezi huu Wataru alipewa likizo ya siku kumi kwa kutimiza miaka thelathini kazini. Hakutaka chemchemi za maji moto wala hoteli ya mlimani. Alitaka kuendesha gari kwenye barabara ya pwani, kutoka hapa mpaka Hachinohe, polepole, madirisha wazi. Alinunua lile daftari ambalo wasafiri hugonga chapa kila wafikapo kituo cha mapumziko, akawa anapanga foleni na wastaafu wenzake watarajiwa ili agonge picha ya chaza kwa wino wa bluu. Nilimwambia mtu wa miaka hamsini na sita aone haya. Akanijibu kwamba mimi nimeigonga nchi nzima kwa kalamu miaka ishirini bila kuona haya, kwa hiyo nimwache na chaza wake.

Siku ya kwanza nilikuwa katika ubora wangu wote. Ramani inaiita barabara ya mandhari ya bahari. Kaka, kilometa kwa kilometa mkono wetu wa kulia ulikuwa zege tupu, zege lenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Wataru akauliza tumekuja kutazama bahari au kutazama saruji. Mahali pamoja wametoboa ukuta wakatia vidirisha vya kioo kinene, na watu walikuwa wakisimama kwa zamu kuchungulia maji yao wenyewe, kama jamaa waliokwenda kumwona mfungwa. Nikaanza kutunga makala kwa sauti garini. Wataru anadai nilitamka neno "upumbavu" mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Najua unavyochukia nikisema hivyo. Mama alifia kwenye banda la chaza siku ya tsunami, hatua mia mbili kutoka majini, na wewe uliniambia mbele ya watu kwamba hoja zangu hazijawahi kulowa maji. Sijalisahau neno hilo.

Usiku wa kwanza na wa pili tulilala katika mji wenye ukuta mkubwa kuliko kuta zote tulizoziona. Na hapo ndipo nilipoanza kupotea, kwa sababu nililala. Tangu Machi ile ya tsunami sijawahi kulala usiku mzima mahali ambapo bahari iko karibu. Pale nililala mpaka nikaja kugongewa mlango kwa kifungua kinywa. Mwenye nyumba ya wageni akaniuliza nimelalaje, nikamwambia vibaya, kwa ubishi tu. Asubuhi yote nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Nilianza na ukuta, nikaja kwenye mto wa kulalia, nikaishia kwa Wataru, ambaye alikuwa amefanya kosa la kuniambia uso wangu umependeza.

Siku ya tatu tukafika kwetu Isonaka. Unajua pale barabara inapotoka kwenye misonobari na kuteremka. Bahari yote ilikuwa wazi mbele yetu, bila kidirisha, bila zege. Wataru akasimamisha gari pembeni, akazima injini, akasema, "Haya mwalimu, umeshinda." Nikangoja furaha ije. Badala yake nikajikuta nahesabu hatua kutoka tulipo mpaka ngazi za hekalu kilimani.

Tulikwenda kula tambi kwa Bibi Sugawara Kinu. Wakati wa ile kura ya ukuta yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mtaa, aliyezungusha ule ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba, kila nyumba igonge muhuri wake upande wa kukubali au wa kukataa. Amezeeka mgongo, ulimi haujazeeka. Kabla sijaketi aliniambia nimenenepa, na kwamba kwa jinsi ninavyoandika yeye alikuwa akidhani sishibi. Wataru alicheka mpaka akapaliwa.

Tulikuwa tumefika nusu ya bakuli, ardhi ikatikisika. Tetemeko dogo tu, la kugonganisha sahani. Lakini vyombo havijatulia mimi nilikuwa nimeshatoka, nimevaa ndara za mgahawa, niko ngazi ya arobaini ya hekalu, na mume wangu nimemwacha na vijiti vya kulia mdomoni. Kutoka juu nilimwona Bibi Kinu amesimama mlangoni, redio sikioni, mkono wa pili kashika bakuli la Wataru lisimwagike. Hakukuwa na tahadhari ya mawimbi. Niliporudi chini aliniambia, "Mama wa kukataa ukuta, kumbe una mbio kuliko sisi sote." Hakuwa na ubaya. Kisha akageukia sufuria zake, akasema kwamba baba yetu hakuwahi kukimbia hivyo. Kila tetemeko alikuwa akikaa pale pale anatazama maji, yeye aliyekuwa akiutaka ukuta.

Nilimwomba arudie. Akarudia kama mtu anayerudia bei ya tambi. Alisema siku chache kabla ya ubao kupita, Baba alimwambia kwa kinywa chake kwamba yeye atagonga upande wa kukubali, kwa sababu ya mkewe. Ubao uliporudi, muhuri wa Onodera, wa nyumba yetu, ulikuwa upande wa kukataa. Bibi Kinu akadhani mzee amekosea mstari, akampelekea karatasi arekebishe. Baba akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Muhuri ni wa nyumba yangu. Uache hivyo hivyo."

Kaka, niliugonga mimi.

Nilikuwa nimekuja kwa kumbukumbu ya Mama ya mwaka wa tatu. Baba alikuwa baharini. Kengele ikalia, jirani akanikabidhi ubao. Unajua muhuri wa nyumba yetu unakaa kwenye kisahani juu ya kabati la viatu, wa kupokelea vifurushi, na unajua hakuna mtu Isonaka anayeuliza ni mkono wa nani. Muhuri ukishagongwa, mwenye nyumba amesema. Majira yote ya baridi nilikuwa nimeandika dhidi ya kuta hizo, mji baada ya mji, nikitaka watu waulizwe. Nami sikumwuliza hata baba yangu. Nilikuwa nimewahi kumsikia akisema mfuga chaza asiyeona maji ni kipofu, nikaona inatosha. Niligonga, nikaupeleka ubao nyumba ya pili mwenyewe, na wakati wa chakula cha jioni nikazungumza habari za hali ya hewa. Miaka yote hii nimejiambia ilikuwa haraka tu. Si kweli. Sikumwuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Ndipo wewe ukaiona ile karatasi mkutanoni. Ulisimama ukamwuliza Baba mbele ya mtaa mzima amemuuza Mama kwa kitu gani hasa. Yeye aliweka mikono magotini akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake, Kaka. Mdomo huu ambao tangu shule ya msingi haujui kufungwa, siku ile ulifungwa. Wewe ukahama kabla majira ya mvua hayajaanza. Miaka tisa hukumsemesha. Hukuja kumzika, nami nikazunguka kwa jamaa nikiwaambia kaka yetu ana moyo wa jiwe.

Nilimwuliza Bibi Kinu kwa nini Baba hakusema. Akasema naye alimwuliza, mara tu baada ya wewe kuondoka, tena kwa ukali. Mzee akamjibu, "Kijana akinichukia mimi, nitakufa na yatakwisha. Wakichukiana wao wawili, nani atayamaliza?"

Maneno hayo nimekwenda nayo mpaka Hachinohe na kurudi nayo, na sijui niyaweke wapi. Kuna saa naona alinipenda kupita nilivyostahili. Kuna saa namkasirikia maiti, kwamba aliamua juu yangu bila kuniuliza, kisha nakumbuka nani alianza. Hata kuhusu ukuta sijui tena. Nyumba ishirini na nne kati ya arobaini na moja zilikataa. Hata bila yetu wangekataa, na kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa dawa yangu. Haifanyi kazi tena. Mtu akija leo na ubao ule mlangoni kwangu, sitajua nigonge upande gani. Mhariri wangu anangoja makala ya safari. Nimemwambia sina.

Sikuombi msamaha, huo utauangalia kwa wakati wako, au usiuangalie. Ninaloomba ni jingine. Tarehe kumi na sita Novemba, saa nne asubuhi, ni kumbukumbu ya Baba ya mwaka wa tatu, hekaluni Isonaka. Uliniandikia kwamba hutafukiza ubani kwa mtu aliyemuuza Mama. Hakumuuza. Alitaka ukuta kama wewe, kwa sababu ile ile yako, na akakaa miaka tisa akitukanwa na mwanawe kwa kosa la bintiye. Njoo umfukizie. Nafasi ya kwanza ni yako, mtoto wa kwanza. Mwaka jana niliikalia mimi.

Wala usihangaike kunisitiri kama alivyofanya yeye, maana umeshachelewa. Bibi Kinu nilimweleza yote pale pale, mbele ya Wataru, nikamwomba ayatangaze kwenye mkutano ujao wa mtaa. Kwa ninavyomjua hakungoja mkutano. Kama hutaki kuniona, nitakaa jikoni kwa watawa mpaka utakapomaliza, na kama hata hilo ni karibu mno, nitabaki Sendai. Neno moja kwenye kadi ya posta litatosha, nami sitalibishia.

Wataru anakusalimu sana. Jihadhari na baridi inayoingia, wewe na wifi na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Chizuko