Lango Moja la Chemchemi ya Sop Sop

Mama Mkwe mpendwa, huko uliko,

Nisamehe kukuandikia moja kwa moja. Ulipokuwa hai hatukusemezana hata siku moja, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani; wakikaribiana njiani, mmoja huingia kichakani. Sasa umekwenda, nami nina maneno tele.

Unakumbuka likizo ile baada ya uhuru? Sisi wanafunzi wa kujitolea tulikuja Sop Sop na saruji kutoka Tororo, tukaijengea chemchemi yenu na kutia bomba. Ili ng'ombe wasichafue maji, nikazungusha seng'enge na kuacha lango moja tu. Moja! Msomi mzima, ng'ombe wa mahari tayari wako zizini kwako, nikasahau kwamba chemchemi ilikuwa na njia mbili tangu zamani, na kwa nini.

Kesho yake nilikuwa ndani nikikagua bomba, nawe ukaingia na mtungi kichwani. Lo! Ulijifunika leso usoni, mtungi ukaanguka paa, ukarudi kinyumenyume hadi ukakaa topeni. Mimi niliruka seng'enge. Nusu ya kaptura ilibaki pale. Watu walicheka wiki nzima.

Ila wewe ulirudi kuchota dimbwini, maji ya ng'ombe, na akina mama wote wenye wakwe wakakufuata. Watoto wakaanza kuharisha tena. Niliona aibu, Mama, na niliogopa hasa: mtoto akifa, ni kwa sababu ya lango langu. Ndipo ukamtuma binti yako Athieno, mchumba wangu.

"Ambia huyo msomi, maji yake mimi napenda. Afungue mlango ingine. Na akifika, akohoe."

Nilikata seng'enge siku hiyo hiyo, nikafungua lango la pili upande wa migomba. Tangu hapo nilikohoa kwenye lango langu, nawe ulikohoa kwenye lako, na hivyo ndivyo tulivyojuliana hali. Siku ukikohoa kinyonge, nilikwenda mbio kumwuliza Athieno kama unaumwa. Nilikupenda sana, Mama, na sikuwa na njia ya kukuambia.

Leo asubuhi nimefika chemchemini nikakohoa kama kawaida. Nikasimama. Nikakohoa tena, nikingoja, hadi wanawake wakaniuliza kama kifua kinanisumbua.

Mkweo,
yule wa kikohozi