Nani Atanitukana Sasa

Kihwele, Mhehe mla mbwa mkubwa wewe,

Nimeanza hivyo makusudi, ujue ni mimi. Ningeandika "Mpendwa marehemu" ungedhani barua imetoka benki.

Huku Ipogolo tupo. Malori yanapita, matairi yanapasuka, ila kwenye banda lako la pancha sasa kuna kijana mstaarabu. Kila asubuhi ananiambia, "Shikamoo mzee, umeamkaje?" Shikamoo! Mimi! Miaka yote salamu yako ya asubuhi ilikuwa, "Mngoni mla panya, bado hujafa tu?" Nami najibu, "Nife nimwachie nani Iringa, mbwa wenyewe umeshawamaliza!" Ndipo siku inaanza. Sasa siku zinaanza zenyewe tu, hazina chumvi.

Unanijua, shule sikumaliza, lakini kabla sijaja kufanya kazi jirani yako nimeendesha lori mpaka Lusaka, mpaka Lubumbashi, nimetukanwa kwa lugha ambazo hata mwalimu mkuu hazijui, na zote nilizijibu. Matusi nayajua kama muuza nyanya anavyozijua nyanya: lipi bichi, lipi limeiva, lipi limeoza. Ndiyo maana nikikuambia la kwako lilikuwa limeiva, niamini.

Mkeo, Mama Neema, hakuukubali utani wetu hata siku moja. Akituletea chakula cha mchana anaweka bakuli chini, anasema, "Midomo yenu inanuka kuliko hiyo oili. Tusi ni tusi, hata mkilicheka." Wewe unacheka na tonge mdomoni. "Mama Neema, huyu ni mtani wangu. Siku akiniheshimu, ujue naumwa." Anaondoka anasonya.

Lakini hukuwa mtu wa kutukana ovyo, hilo nitalisema popote. Nakumbuka yule dereva aliyetoka Tunduma, alivyomtukania utingo wake mama mzazi mbele yetu. Ulisimama na spana mkononi ukamwambia, "Tukananeni wenyewe. Mama zenu waacheni nyumbani, hawajaja kazini." Akanywea, na ubabe wake wote. Na nakumbuka yule mteja mwenye gari jeupe. Huyo hakutoa neno chafu hata moja. Alisema tu, taratibu, anatabasamu, "Samahani mzee, hakuna fundi mwingine hapa anayejua kusoma?" Hukuongea mpaka tunafunga. Nilikutukana nikachoka, hukujibu. Siku ile nilijua adabu nayo ina meno.

Basi, siku ya kukuzika.

Presha ilikuchukua ghafla, bado umeshika tairi la watu. Tukakupeleka kwenu Idodi. Mimi nikavaa ovaroli yako, ile yenye grisi, na kofia yako, kama mtani anavyotakiwa. Nitembee ulivyokuwa unatembea, mguu mmoja unaburuta. Nikutukane mbele za watu. Nilale njiani jeneza lisipite mpaka wanibembeleze. Watu wacheke kidogo ndani ya kilio, wapate pumzi. Hiyo ni haki yako, Kihwele. Ningetangulia mimi ungenifanyia hayohayo na zaidi. Ulishanieleza utakachosema, nusura nikupige.

Mwanao mkubwa, yule mwinjilisti wa Mbeya, akanivuta nyuma ya jiko. "Baba mdogo, nakuomba. Baba aliokoka. Tusimzike kwa matusi." Aliomba vizuri, macho mekundu. Angekuwa mtu mwingine ningembishia mpaka kesho. Lakini huyo nilimbeba mgongoni alipokuwa anaota meno. Nikakaa pembeni na ovaroli yako, kama mtu aliyekosea msiba.

Waliimba vizuri. Mahubiri mazuri. Kila mtu alikusema wewe mwema, mpole, mcha Mungu, mpaka nikawa najiuliza huyu wanayemzika ni nani. Ulikuwa unazikwa kama mgeni. Kamba zikashikwa. Nikasema moyoni, basi tena, imepita.

Ndipo mama yako, masikio yake unayajua, akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani mwanangu hakuwa na mtani?"

Mwanao akatazama chini. Halafu akasogea pembeni, akaniachia njia.

Nikaenda. Nikasimama juu yako. Nikafungua mdomo. Kihwele, hakikutoka kitu. Mimi! Nilisema "We..." nikasema tena "We..." nikabaki nimesimama ndani ya ovaroli yako, watu wote wananitazama. Tusi lenyewe nililijua. Lilikataa kupanda.

Nikamwona Mama Neema anajinasua kwa wanawake waliomshika. Nikajua anakuja kunifukuza. Akanipita. Akainama juu ya jeneza akalipiga kofi.

"We mla mbwa! Mvivu wa kuoga wewe! Nani kakuruhusu kulala mchana, mahindi yako shambani?"

Sauti ikamkatikia hapo. Wa kwanza kucheka alikuwa mwinjilisti wako. Alicheka mpaka akakaa kwenye udongo, akalia kama mtoto. Wajomba wakacheka, wanawake wakapiga yowe, na mimi ulimi ukafunguka. Niliyokutukana siandiki hapa, ulisikia. Nililala ukingoni mwa kaburi, wakanibembeleza, nikakataa, wakaniburuta. Tukakuteremsha kama mtu wa kwenu.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mama Neema vyombo vyako vya kazi. Nikajifanya mjanja, nikamchokoza: "Shemeji, vipi, si ulisema tusi ni tusi?" Hakucheka. Akasema, "Bado ni tusi. Nilitaka limuume, aamke."

Mimi bingwa wa Lubumbashi, nilikuwa nadhani ya kwetu hayaumi kwa sababu ni utani. Yeye miaka yote alijua yanauma, na ndiyo sababu siku ile aliyaokota. Ungekuwepo ungeniambia nani yuko sahihi, halafu ungenitukana. Hupo. Ndiyo hivyo.

Sasa nisikilize, maana sirudii. Mahindi yako tutayavuna, mimi na mwanao, tumeshapanga. Na kila mwaka mavuno yakifika nitakuja hapo Idodi, nisimame kichwani pako, nikutukane. Kwa nguvu, Kihwele, nipasue koo, maana mama yako hasikii vizuri, na atakuwa amekaa mlangoni anasubiri.

Kwaheri, ndugu yangu.

Mtani wako,
Gama