Verdicchio na Samaki Mkavu wa Ijumaa

Jumanne, 12 Machi 2024

Gualtiero amefika kutoka Milano. Mume wa Loredana, binti wa kaka yangu Nazzareno — na sasa, eti, mtaalamu wa mvinyo. Ana cheti. Amekuja nacho ndani ya fremu!

Kaka ametangaza mezani: Ijumaa wageni waje kula, baada ya hapo ataamua jiko la mgahawa liwe chini ya nani. Miaka thelathini na mmoja nimesimama jikoni humu. Leo nawekwa mizani moja na mtu anayevaa skafu ndani ya nyumba.

Jumatano, 13 Machi

Gualtiero kanusa Verdicchio, mvinyo wetu mweupe, dakika tatu. Kanusa! Mvinyo wa vuno la mwaka jana, mwepesi, una ukali wa limau, mwishoni uchungu kidogo wa lozi. Unakunywa, unaongeza, basi. Yeye anasikia humo harufu ya jiwe lililonyeshewa. Lini amelamba jiwe?

Anataka tuulaze kwenye mapipa ya mbao miaka miwili. Anasema sungura wangu wa kupikwa na majani ya shamari anauzidi nguvu. Mchana nikampa kome. Akawakamulia limau mpaka wakaogelea, halafu akalalamika kuwa mvinyo umepooza. Bwege. Ukali wote ameshaumwaga kwenye sahani, mvinyo ufanye nini tena?

Loredana anamtazama kama vile kaongea askofu.

Alhamisi, 14 Machi

Samaki mkavu wa Ijumaa yuko majini siku ya nne, analainika na kunuka. Gualtiero kapita kashika pua. Siku yangu imekuwa nzuri.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika stoo, nimekaa juu ya kreti. Mlango nimeufunga.

Samaki huyu hakorogwi. Vipande vya matete ndani, kwenye kitako cha sufuria, asigande; samaki, nyanya, viazi juu, mafuta, chupa nzima ya Verdicchio. Moto mdogo, kwa muda wa saa mbili na nusu. Unatikisa sufuria kwa mikono miwili, mwiko hauingii. Mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kusali.

Gualtiero akaja akasimama nyuma yangu. "Shangazi, umechoka. Kaa kidogo, nikusaidie." Kwa upole! Hasira ikanipanda hadi masikio yakaziba. Nilipopata akili, mwiko ulikuwa mkononi mwangu na sufuria nzima imekuwa uji.

Tukatazamana. Akautwaa ule mwiko mkononi mwangu, akatoka nao hadi kwa wageni.

"Jamani, nimekoroga mimi. Sikujua."

Meza nzima ikamvaa. Quinto, muuza nyama, akamwuliza kama huko Milano supu wanaikata kwa kisu. Padri akasema dhambi hiyo hajui aiandikie toba gani. Nami jikoni nikacheka, nimeziba mdomo. Mjinga kajimaliza mwenyewe.

Kisha Nazzareno akaingia. "Ersilia, kweli ni yeye?"

Nikasema ndiyo.

"Basi jiko ni lako," akasema, akarudi kwa wageni wake. Nimepata nilichokitaka, na najiona takataka.

Sasa kuna mtu anagonga. Si kaka, kaka hagongi polepole hivi.

"Shangazi, toka ule. Nimekuwekea glasi. Huo uji unaendana na mvinyo wenu, kweli tena. Nimerudia mara mbili."

Nanyanyuka kwenye kreti. Naye haondoki —