Maji Mazito ya Chini

Baba Salima,

Bado nakaa eda, sitoki, kwa hiyo darasa lako limenifuata nyumbani. Jumamosi wasichana wako wa mitaa ya Kinama na Buterere walibisha hodi, madaftari mkononi. Uliwafundisha mikondo ya juu ya bahari, ukafariki kabla ya ile ya vilindini. Mtihani wa serikali umekaribia na shule haijapata mwalimu mwingine wa jiografia. Mimi nafundisha Kifaransa tu, lakini majaribio yako uliyafanyia jikoni kwangu, ukinimalizia mabakuli.

Dada yako aliguna: "Mutu wa eda anafundisha?" Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya wote.

Nilianza na maneno yako: "Upepo inasukuma maji ya juu tu. Ya chini inaenda na uzito yake." Nikajaza bakuli la kioo maji ya uvuguvugu, nikatia barafu nyekundu. Barafu ikaelea, lakini maji yaliyoyeyuka yakashuka, yakatambaa chini hadi upande wa pili. Nikajiona mwalimu kweli. Ndipo Zaina, yule mfupi anayekaa nyuma, akasema, "Lakini Mama, ii barafu ni ya siro, iko na sukari. Tutajua aje kama ni baridi imeishusha?"

Nilikuwa nimechukua barafu za sharubati za watoto wetu! Nilicheka mpaka nikalia. Sikuwa nimecheka tangu tukuzike.

Tukarudia kwa maji yaliyotiwa wino: kwanza ya baridi yasiyo na chumvi, kisha ya chumvi yasiyo na baridi. Yote yakazama. Nikawaeleza kwamba kule kwenye ncha za dunia bahari ikiganda, chumvi nyingi inabaki katika maji yasiyoganda. Maji hayo, baridi na chumvi pamoja, yanakuwa mazito, yanazama na kusafiri sakafuni mwa bahari. Zaina akauliza yanaishia wapi. Nikasema yanarudi juu, hata kama ni baada ya karne nyingi.

Hapo nikaliweka bakuli chini. Wewe hutarudi. Nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimelisema hata kimoyomoyo. Nimekukumbuka sana, Baba Salima, na nyumba imekuwa kimya mno.

Kwa heri, mume wangu, Mungu akuweke pema. Wasichana hawa nitawafikisha kwenye mtihani, nakuahidi, hata eda ikiisha. Jumamosi ijayo ni volkano, na hiyo hukuwahi kuifanyia majaribio jikoni.

Mama Salima