Bima ya Sanduku la Harusi ya Said

Mjini Ibra, Jumanne. Vumbi tangu asubuhi, mbingu rangi ya chai ya maziwa, na roho yangu imezama. Nimefunga madirisha yote na bado nikipitisha kidole mezani nalikuta.

Leo nimekata bima ya harusi ya mdogo wangu Said. Ningependa kuandika kwamba nimepata raha.

Kazi hii niliachiwa mimi, dada mkubwa, maana masharti yake ni marefu na mama hana subira nayo. Nimezilinganisha bima tatu wiki nzima. Moja ilikuwa ya bei rahisi, lakini inalipia ukumbi na hasara ya mvua tu, na mvua yenyewe hapa Ibra tunaiombea dua. Nyengine inalinda nguo na dhahabu ya bibi harusi. Ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta: inalinda hayo yote pamoja na fedha wanazotoa wageni. Said hana kitu kingine. Amekaa sana bila kazi, na fedha hizo ndizo zitakazomlipia nyumba Nizwa, kwa kuwa wakwe wamesema mtoto wao hatokaa na mama mkwe.

Kwetu fedha zinapokewa sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa. Mgeni anakupa mkono, bahasha imo humo humo kiganjani, nawe unaitia sandukuni bila ya kuitazama. Anayesimama pale ni baba wa bwana harusi. Baba yetu amefariki, kwa hiyo atasimama kaka yake Said, Nassor.

Nassor anacheza kamari kwenye simu.

Haya, nimeliandika. Nyumbani hatulisemi. Mwaka jana bangili za mama zilitoweka, mama akawaambia majirani zimemchopoka baharini Sur. Mwaka jana mama hakufika Sur.

Bima ina sharti: fedha zikichukuliwa na mtu wa nyumbani ambaye tulikuwa tunamshuku tangu mwanzo, hawalipi. Ukiwa na wasiwasi unasema mapema, nao wanaleta mlinzi wao asimame na sanduku. Lakini mgeni asimame mahali pa kaka? Mtaa mzima ungejua sababu kabla wali haujaiva.

Baada ya alasiri kijana wa bima akapiga kutoka Maskati. Mama akataka simu iwekwe sauti ya juu, naye asikie. Nassor alikuwepo, anatumiminia kahawa. Kijana akauliza nani atapokea fedha. Nikasema kaka yake bwana harusi. Akauliza, kama anavyowauliza wote, iwapo nyumbani kuna mtu tunayemshuku kwa kuchukua mali ya familia.

Mama akaacha kuvuta tasbihi. "Mwambie la, mwanangu. Hapa hapana mwizi."

Nikasema la.

Basi. Kijana akatupa mabruk, hongera ya harusi, na malipo yakapita. Ukumbi ukiungua, watatulipa. Akija mwizi wa mbali, watatulipa. Kwa yule mmoja ninayemwogopa, sina kinga yoyote, na nimeilipia.

Nassor akanifuata jikoni na vikombe. "Nashkuru, dada. Tangu baba afe hapana aliyenisemea hivyo mbele ya watu." Macho yalimjaa machozi. Nilitaka kumwamini kwa moyo wote, na nusu nilimwamini. Kisha simu ikawaka ndani ya mfuko wa kanzu yake, naye akaufunika mfuko kwa kiganja huku bado ananishukuru. Sijui ilikuwa nini. Naona aibu kwamba nilitazama.

Magharibi Said akaniletea ujumbe wa sauti kutoka Nizwa, anacheka. Kucheka huko nilikuwa nimekusahau. Alikuwa anasitasita kuichukua ile nyumba, lakini mama kamwambia bima imekatwa, kwa hiyo ametia saini na kumwachia mwenye nyumba cheki za kodi ya mwaka mzima. Hapa cheki ikirudi kwa kukosa fedha benki, mtu anafikishwa mahakamani.

"Dada, sasa hata sanduku likipotea mimi sina wasiwasi," anasema.

Nimeusikiliza tena na tena. Nilianza kumwandikia ukweli, nikaufuta. Nikamjibu, "Mabruk, mdogo wangu." Ndivyo nilivyo mimi, jasiri huku kwenye blogu tu, ambako hapana anayenijua.

Naweza kumpigia kijana wa bima asubuhi nikasema nimekosea, tuleteeni mlinzi. Nassor atajua ni mimi, na siku ya harusi atakaa nyuma na watoto, kila mtu akimtazama. Au ninyamaze, niombe Mungu, na Said aingie katika ndoa na cheki zake.

Hata sijui moyo unaelekea wapi. Watu husema mtu humpendelea yule aliyemlea. Said nimembeba mgongoni mimi mwenyewe, mama alipokuwa mgonjwa.

Na kabla yake nilimbeba Nassor.