Maji Niliyosuuzia Kuku

S.L.P. 17,
Katangi.
12 Machi 2025

Mpendwa kaka Muthoka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Doha? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umepata nafuu? Mwaitu, mama yetu, ni mzima, bado anagombana na mbuzi wake kama kawaida. Mimi mwilini sijambo, lakini moyo hautulii.

Utashangaa Mike, mwenzako wa kazini aliyekuwa huku likizo, kukukabidhi karatasi na simu ipo. Kwa simu nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuambia ati Ndila ana homa kidogo. Nilikudanganya.

Kaka, mwanao amelazwa wadi ya watoto hapa Machakos tangu Alhamisi. Ameharisha hadi macho yakadidimia, na daktari anasema kijidudu kinachoitwa salmonela kimeingia kwenye damu. Ametundikiwa dawa. Naandika nikiwa kando ya kitanda chake, na kila akinyamaza sana naweka kalamu chini nimguse kifua. Naogopa. Sikuogopa hivi hata siku tulipomzika mamake.

Ilianza Jumapili ile jumuiya iliposali kwetu. Nilichinja kuku wangu wawili, na Titus wa bucha akatuletea nusu mbuzi kwa mapenzi yake tu. Kufikia Jumanne watu tisa walikuwa wanatapika na kuharisha. Unawajua watu wetu. Bila kuuliza wakasema Titus ametulisha mzoga, na tangu hapo bucha yake haina mteja.

Ijumaa, nilipokuwa nimerudi nyumbani mara moja kuchukua nguo za Ndila, akaja afisa wa afya, binti wa mjini anayeitwa Layla. Nikataka kumpikia chai, akasema amefunga. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu alikula nini na nini hakula. Akachukua kinyesi cha kuku wangu, akachukua na nyama ya Titus iliyobaki. Mimi nikamwonyesha kila kitu kwa kichwa juu, nikiamini ni mbuzi.

Kilichonitoa jasho ni Susu Kavindu, yule bibi kizee jirani. Hana meno, nyama hakugusa. Alikula wali na kachumbari, na ameugua kuliko wengi. Layla akatazama daftari lake, akaniuliza, "Mama, hizo nyanya mliosha na maji gani?"

Wewe unajua kwetu kiangazi maji hayamwagwi. Siku hiyo punda wa maji hakuwa amefika na nilibaki na mtungi mmoja. Maji niliyosuuzia kuku mara ya mwisho niliyaona safi kabisa, nikaoshea nyanya na dhania. Kuku walichemka hadi wakaiva. Kachumbari haipikwi. Na Ndila alikuwa amesimama hapo akiomba kuonja, nikamlisha yeye wa kwanza, kwa mkono wangu.

Nilimjibu Layla kwamba ni maji ya mtungi. Siku nne nikamwacha Titus abebe aibu yangu, kwa kuogopa watu, na kukuogopa wewe zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi, na unajua msemo huo unavyoisha. Humu wadini siwezi kuumaliza.

Jana majibu yakaja. Kijidudu cha kuku wangu na kile cha damu ya Ndila ni kimoja. Nyama ya Titus haikuwa nacho. Nikamweleza Layla yote, kisha nikampigia Titus. Akasema tu, "Wacha kwanza mtoto apone." Afadhali angenitukana.

Leo asubuhi homa ilikuwa bado juu. Amekunywa vijiko vitatu vya maji, akaniuliza, "Aunti, baba anajua niko mgonjwa?" Nikamwambia unajua. Mike anapanda ndege leo jioni. Kesho ukiisha kusoma hapa, hilo nililomwambia halitakuwa uongo tena.

Piga simu mara moja, uongee naye. Mimi nigombeze utakavyo, kaka, ila usininyamazie.

Mwaitu anakusalimia, na ndugu yetu Ngui na wanawe pia. Susu Kavindu ameanza kula uji, anasema anakuombea. Mungu akulinde huko ugenini, na amwachie Ndila pumzi asikie sauti yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na leo nikuogopaye,

Nthambi