Mstari Ambao Sikumsomea

Uyole, Mbeya
12 Agosti 1973

Kwa Shemeji Asukile,

Ndaga, asante kwa barua yako. Hapa nyumbani tunaendelea, ila mtoto Alinanuswe ana kikohozi, na baridi ya mwezi huu inakohoza kila mtu mpaka ng'ombe. Wewe afya yako ikoje? Huko Iringa wanakulisha?

Barua yako nimemsomea mume wangu juzi. Majibu yake yako kwenye karatasi ya pili. Maneno ni yake, mkono ni wangu, kama kawaida. Karatasi hii ya kwanza ni yangu mwenyewe, na yeye hajui kama ipo.

Unajua Yotamu hajui kusoma. Tangu uhamie huko mwaka jana, mimi ndiye jicho lake na kalamu yake. Sawa, misheni walinifikisha darasa la nane, kazi hainishindi. Lakini jana aliniketisha akaniambia andika: "Tangu uondoke chakula hakina ladha. Nikikamua ng'ombe asubuhi nakukumbuka mpaka ndoo inafurika sijaona." Nikaandika. Nilipomaliza nikamuuliza, na mimi nikienda Tukuyu kwa mama, chakula kinakosa ladha? Akacheka, akasema wewe unakwenda siku mbili tu.

Miaka minne ya ndoa, shemeji. Mwanaume huyu akinisifia sana husema ugali umeiva. Kumbe maneno anayo, tena mazuri, yalikuwa yanamsubiri mwenyewe.

Ulipokuwa hapa nilikuwa napika, yeye anabeba bakuli anakwenda kula kwako. Mama mkwe aliniambia nisinung'unike, mwanaume wa Kinyakyusa hula na mwenzake wa rika, na anayekula peke yake ni mchawi. Nikaendelea kupika. Mlijenga kibanda kimoja mkiwa wavulana, mila ni mila. Lakini mimi si mjinga. Niambie kuna nini kati yenu. Jibu kwa sanduku la kanisa, kwa jina langu.

Shemeji yako,
Ikupa


Iringa
2 Septemba 1973

Kwa Shemeji Ikupa,

Salamu zako zimenifikia nikiwa salama, isipokuwa tumbo, na sababu ya tumbo utaiona hapo chini. Kikohozi cha Alinanuswe kikipita wiki mpeleke zahanati, usimtibu kwa majani peke yake.

Umeniuliza waziwazi, nami nitakujibu hivyohivyo. Ninampenda Yotamu, na si kama mtu anavyompenda mwenzake wa rika. Naye ananipenda. Tangu akuoe hatujafanya zaidi ya kula bakuli moja. Hilo nakuapia kwa kaburi la mama.

Kama ujuavyo, mimi ni muuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Kitabu tulichofundishiwa kina orodha ya magonjwa, na jambo letu limo, limeandikwa wazi kabisa. Siku nilipoliona nilijifungia stoo nikalia. Halafu nikashukuru, maana kitu kikiitwa ugonjwa kina dawa. Nikamwendea mkuu wangu, Daktari Liberatus, nikamweleza. Hakunifukuza. Amenihurumia, na dada mkuu wa wodi naye ananihurumia, kila asubuhi ananiwekea uji. Mara mbili kwa wiki nachomwa sindano ya kutapisha, na ninapotapika naambiwa nimfikirie Yotamu, ili mwili ujifunze kumkataa.

Kumwambia Yotamu habari za ugonjwa na sindano, au kutomwambia, nakuachia wewe.

Shemeji yako,
Asukile


Uyole
30 Septemba 1973

Kwa Shemeji Asukile,

Pole na tumbo. Nakutumia asali kwa mkono wa Ezekia dereva wa lori, lambalamba baada ya sindano. Mtoto amepona.

Barua yako nimeisoma kanisani, benchi la nyuma, na nilipofika kwenye neno ugonjwa nilishusha pumzi mpaka mzee wa mbele akageuka. Mbona hukusema mapema? Nilidhani nimeshindwa na mtu, kumbe ni kama nimeshindwa na homa. Mgonjwa haonewi wivu, shemeji. Anauguzwa.

Nimemwambia Yotamu yote. Aliuliza tu kama sindano inauma. Mama mkwe nimemwambia nusu, kwamba mwanawe anasumbuliwa na mishipa ya fahamu, na yeye akachinja kuku. Wazee wa kanisa wamekuja kuomba. Hata mjumbe wetu wa nyumba kumi, yule asiyesalimia mtu, kaleta mahindi mabichi. Sijawahi kuona watu wema namna hii.

Na sasa anakula na mimi. Mama mkwe amesema mgonjwa hula pale anapohudumiwa, mila haimbani. Tunakaa mimi na yeye na mtoto, bakuli moja. Juzi alinimegea firigisi.

Umefikisha sindano ngapi? Umeanza kumchukia? Usinione mbaya kwa kuuliza.

Shemeji yako akuombeaye,
Ikupa


Iringa
20 Machi 1974

Kwa Shemeji Ikupa,

Natumaini mvua hazijawaharibia viazi. Nisamehe kwa kimya. Nilikonda mpaka nikashindwa kazi, na mkono haukutaka kalamu.

Sindano zilifika ishirini na sita, maana zilisitishwa kila nilipodhoofu. Yotamu sikumchukia. Kilichonishinda ni maziwa, kwa sababu yeye ananukia maziwa. Siku hizi nikiyaona kwenye kikombe cha mtu mwingine natapika bila sindano. Usimwambie hilo.

Wiki iliyopita Daktari Liberatus aliniita ofisini akanionyesha jarida la madaktari. Mwezi wa Desemba viongozi wa madaktari wa akili wa Marekani wamepiga kura, wakaliondoa jambo letu kwenye orodha yao ya magonjwa. Jarida linasema wapo waliochunguza watu kama sisi ambao hawajawahi kulazwa popote, wakakuta akili zao ni sawa na za watu wengine. Daktari akaniomba radhi. Mtu mzima yule, akashindwa kunitazama. Sindano zimekwisha.

Nilidhani wodi nzima itafurahi pamoja nami. Dada mkuu aliposikia aliacha kuniwekea uji. Akasema, "Kama si ugonjwa, basi unafanya makusudi." Kumbe nilikuwa napendwa kwa sharti la kuumwa.

Nakuomba jambo moja. Kwenye barua ya Yotamu kuna mstari nimeukoleza kwa wino mwekundu: "Wewe na mimi si wagonjwa, wala hatujawahi kuwa." Msomee.

Shemeji yako,
Asukile


Iringa
9 Juni 1974

Kwa Shemeji Ikupa,

Habari za siku nyingi, na za mtoto.

Nimepata barua ya Yotamu, mkono wako. Anasema amepewa likizo huko anakokamua ng'ombe, Jumatatu tarehe mosi Julai anapanda basi aje achomwe sindano, apone kama mimi. Kama mimi, shemeji. Ameyatoa wapi hayo?

Daktari Liberatus amehamishwa. Aliyekuja badala yake amelisoma jarida akalirudisha mezani, anasema kura za Marekani hazimhusu. Anachoma, tena dozi kubwa. Mwezi uliopita mtu mmoja alizimia tukamrudisha kwa shida. Mimi ni muuguzi tu, siwezi kumzuia, na Yotamu akija kwa miguu yake mwenyewe atapokewa.

Ulimsomea ule mstari?

Asukile


Uyole
22 Juni 1974

Shemeji,

Hatujambo.

Sikumsomea. Nilifika pale kwenye wino wako mwekundu nikauruka, nikamsomea salamu za mwisho. Yeye alikuwa amempakata mtoto, anasikiliza, hakujua kitu. Akasema kama sindano zako zimekwisha, basi umepona, akaniambia niandike kwamba naye anakuja, nikaandika.

Tangu lini ugonjwa unapigiwa kura? Hapa tunampigia kura mjumbe wa nyumba kumi, na hata kwa huyo tunakosea. Hao madaktari wakikaa tena mwakani wakinyoosha mikono, mtarudi kuumwa?

Umefurahi, naona. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyoiandika, na furaha yako naiona kila mahali. Sasa sikiliza upande wangu. Yotamu akiwa mgonjwa, mimi ni mke anayeuguza, na kijiji kizima kinaniita mvumilivu. Akiwa mzima, mimi ni nani? Ni mwanamke ambaye mumewe ana akili timamu na macho mawili, amemtazama vizuri kabisa, na moyo wake ukaenda kwingine. Na unataka hilo nimsomee mimi, kwa mdomo wangu, kama nilivyokuandikia yale ya ndoo kwa mkono wangu.

Anakula na mimi mwezi wa tisa huu. Wewe ulikula naye miaka yote.

Nguo zake nimeshazifua. Mwache aje. Wewe umechomwa ishirini na sita na hukufa.

Ikupa


Iringa
4 Julai 1974

Kwa Shemeji Ikupa,

Jumatatu nilisimama stendi mpaka basi la mwisho, na Jumanne vilevile. Hakushuka. Sijui kama amechelewa, ameugua njiani, au amekataa.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe, sina hakika kama ningeusoma. Na kwa kuwa tumeshaambizana mengi, nikuambie na hili: nami nakuonea wivu. Karatasi zake zinanifikia zikinuka moshi wa jiko lako. Wewe humsikia akicheka na mtoto. Mimi husikia kile ulichoamua kuandika.

Nijibu neno moja tu. Yu salama?

Asukile


Uyole
17 Novemba 1974

Kwa Shemeji Asukile,

Yu salama. Nisamehe kukuweka miezi minne kwa neno moja. Sikuwa na uso wa kuliandika. Alinanuswe ameanza kusema maneno mengi, anaita kila ng'ombe kwa jina. Natumaini umenenepa kidogo.

Siku ile nilimsindikiza mpaka barabarani, pale malori yanaposimama. Alivaa shati la harusi yetu, akabeba chupa ya maziwa aliyoyakamua alfajiri, zawadi yako. Mimi ndiye niliyekuwa najua maziwa yanakufanya nini. Nikaitazama ile chupa, nikamtazama yeye alivyoikumbatia isimwagike. Nikafikiri, huyu akirudi hataweza kukaribia zizi, na zizini ndiko anakoimba. Sikufikiri juu yako hata kidogo, usijisifu. Kondakta akaita abiria wa Iringa. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa barua yako ya wino mwekundu, nikamsomea ule mstari.

Akasema rudia. Nikarudia mara tatu, kondakta anatutukana. Kisha akauliza barua imekuja lini. Nikamwambia mwezi wa tatu. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinipa chupa niishike, akarudi nyumbani kwa miguu, nami nyuma yake.

Kesho yake akajiandikisha kisomo cha watu wazima kwa Mwalimu Silvester. Hakuniambia kwa nini na sikuuliza. Mama mkwe alipoambiwa mwanawe haumwi tena alimshukuru Mungu, halafu akasema basi mila irudi, mwanaume mzima akale na wanaume. Hao wanaume nao wamesikia minong'ono, wakimwona anakuja wanakuwa wameshiba. Mahindi ya mjumbe hayaji tena. Kwa hiyo anakula mlangoni, nusu ndani nusu nje, na bakuli lake peke yake. Hatuongei sana, lakini tunaongea.

Wivu wangu ninao, shemeji, wala haujapungua. Nimezoea kuupika na kuupakua.

Humu ndani kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameiandika mwenyewe, siku nane, akiifunika kwa mkono kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa majibu. Aliniuliza kitu kimoja tu, tarehe inakaa upande gani. Jana akanipa niipeleke posta, bahasha ikiwa wazi. Ilikaa mezani kutwa nzima, na mimi nilifagia nyumba mara tatu. Sijaisoma. Bahasha nimeigandisha kwa uji wa mtoto.

Sijui kama amekuandikia kwamba anakuja au kwamba anabaki. Ukiisoma, usiniandikie ilichosema. Nataka aniambie yeye.

Shemeji yako,
Ikupa